Chaki ya Rafu ya Juu

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, fundi mitambo wa chumba kidogo cha kurekodia anastaafu baada ya kuitumikia studio yetu kwa miaka thelathini na minne. Mkurugenzi ameniomba mimi niandike habari zake kwenye jarida la wafanyakazi, kwa sababu aliowakuta na walioanza naye wameshaondoka wote, nimebaki mimi wa chai na usafi. Nilimwambia shule yangu ni fupi. Akasema, andika kama unavyoongea, karani atanyoosha. Basi nimeandika, na karani nimemwomba anyooshe herufi tu. Habari zenyewe aziache zilivyo, hata atakapofika mahali pa kushtuka.

Fundi alianza kazi kwa kubeba nyaya. Miaka miwili hakuna aliyemruhusu kugusa mtambo, akawa anakaa kwenye kona na kusikiliza. Ndipo walipogundua masikio yake. Siku moja alisimamisha kazi nzima akisema kuna kitu kinagonga, watu wakatafuta saa nzima, kumbe ni saa ya ukutani ya mhasibu, kuta mbili kutoka pale. Siku nyingine alimvua mkurugenzi wa zamani viatu vyake vipya kwa sababu vinalia. Mkubwa mzima akapita koridoni kwa soksi, na soksi yenyewe ina tundu kwenye kidole gumba. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka kurekodi kulipokwisha.

Wengi mnamjua kwa namba zake. Kila kitu chake kina namba kwa wino mzito: nyaya, maboksi, viti, mpaka kikombe. Kikombe chake ni namba moja, kisahani ni namba mbili, na nikileta kisahani bila kikombe ananiuliza kama namba moja anaumwa. Kazi haitoki mikononi mwake mpaka aisikilize mara tatu, mwanzo mpaka mwisho, na mlango wa chumba anaurudia kuutikisa mara tatu kabla ya kwenda nyumbani. Tumemcheka sana kwa hilo, na mimi nimecheka pamoja nanyi. Nitalirudia jambo hili, maana ndilo linaloninyima usingizi.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa ile santuri ya miaka ishirini na mitatu iliyopita. Walikuja vijana wanne na magitaa ya umeme na ngoma za kutikisa madirisha, wanapiga muziki wa roki, lakini santuri yote walitaka iwe hadithi moja. Ilikuwa hadithi ya Wagiriki wa kale. Binti anachuma maua, ardhi inapasuka, Mfalme wa Kuzimu anatoka na kumchukua. Mama yake, ambaye ndiye mwenye kuotesha mazao yote duniani, anamtafuta dunia nzima kwa mienge. Hampati. Anakaa chini, anazuia kitu chochote kisiote, watu wanakufa njaa. Mwisho binti anaachiwa arudi, lakini kwa vile alikula punje za komamanga kule chini, kila mwaka lazima arudi kuzimu kwa miezi kadhaa. Nyimbo nane, kila moja ni hatua ya hadithi. Ukiruka moja umepotea.

Fundi aliitengeneza ile santuri kama mtu anayejenga nyumba ya mama yake. Ardhi kupasuka ni meza yangu ya chai, tuliiburuta sakafuni watu watatu. Lango la kuzimu ni mlango wa chuma wa stoo. Na zile hatua za mama anayemtafuta mwanawe, katika wimbo wa tatu, ni ndala zangu. Fundi aliniita, akaweka maikrofoni chini koridoni, akaniambia, "Mama Chai, tembea kama mtoto wako hajarudi na giza linaingia." Binti yangu wakati huo alikuwa anasoma sekondari, na mimi ni mtu wa hofu, sikuhitaji kufundishwa. Nilitembea mara moja tu. Akasema inatosha, akageuka kufuta macho.

Sasa nafika ninapoona aibu.

Wale vijana walikuwa wakibadilisha mpangilio wa nyimbo kila siku. Karatasi yao ilibandikwa karatasi juu ya karatasi mpaka ikawa nene kama mkate, hakuna aliyejua ipi ya mwisho. Kwa hiyo Fundi alikuwa na njia yake. Tepu za nyimbo zilizokamilika alizipanga kwenye rafu ya juu, kila wimbo na boksi lake, na kwenye ukingo wa rafu, chini ya kila boksi, aliandika namba kwa chaki. Wakibadilisha, anahamisha boksi, namba inabaki. Sisi wengine alituambia neno moja tu: rafu ya juu msiiguse.

Kazi ilipokwisha, Fundi alipata msiba wa kaka yake, akaenda kuzika. Siku ileile tukaambiwa kesho asubuhi wanakuja wageni wakubwa kukagua jengo. Niliingia chumba kidogo na ndoo. Rafu ya juu ilikuwa na vumbi la kuandikia jina. Nikajiambia, katazo lile linanihusu nini mimi mtu wa kufuta vumbi, wageni wakiona uchafu atakayefukuzwa ni nani? Nikashusha maboksi, nikafuta rafu kwa kitambaa cha maji na sabuni, mbele na ukingoni. Chaki niliiona. Niliona ni uchafu kama uchafu mwingine.

Kurudisha maboksi nikayapanga yapendeze. Kusoma najua, nikasoma majina ya nyimbo juu yake. Boksi la "Mama, Nimerudi" nikaliweka mbele kabisa, nikaona ndilo jina zuri mgeni akutane nalo mlangoni. "Punje Sita" likafuata. Yale ya vilio, "Ardhi Imefunguka" na mengine, nikayasukuma nyuma.

Wageni hawakuja hata chumba kile.

Siku ya pili fundi mwenzake, ambaye ameshahama zamani, aliingia kuunganisha nyimbo ziwe santuri moja, maana kiwandani walikuwa wanazisubiri. Alichukua maboksi kama alivyoyakuta, kushoto kwenda kulia. Yeye alisikiliza kama sauti ni safi, hadithi haikuwa shughuli yake. Zikachapwa santuri mia tano. Binti amerudi nyumbani kabla ya kuchukuliwa. Amekula komamanga kabla ya kufika kuzimu. Na miguu yangu mimi, upande wa pili, inamtafuta kwa uchungu mtoto ambaye ameshakaa ndani zamani.

Watu mjini walicheka. Wale vijana walilia, wanaume wazima, pale kwenye ngazi. Kukaitishwa kikao, na mimi nikaingia na sinia la chai. Yule fundi mwenzake akasema, "Rafu haikuwa na chaki yoyote. Nimechukua nilivyokuta." Wakaenda kuangalia, rafu inang'aa. Mkurugenzi wa wakati ule akamgeukia Fundi, aliyerudi juzi tu baada ya arobaini ya kaka yake, macho bado mekundu.

"Uliandika au hukuandika?"

Fundi aliitazama ile rafu, akapitisha kidole ukingoni. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, birika mkononi. Nilijua. Nilimfikiria binti yangu na shule, nikafikiria nikifukuzwa nitaanzia wapi.

"Basi sikuandika," akasema.

Nikamimina chai.

Nilijidanganya kwamba yameisha, maana hakufukuzwa. Lakini mwezi uleule alikuwa apewe usimamizi wa chumba kikubwa, barua ilishachapwa. Aliikataa mwenyewe. Alisema mtu asiyekumbuka alichoandika na asichoandika hafai kusimamia wenzake. Ndipo wino mzito ukaanza. Ndipo mara tatu zikaanza, za kusikiliza na za mlango. Na ndipo alipopewa lile jina la Mzee Kinyume, ambalo waajiriwa wapya wanadhani ni la utani wa heri. Miaka ishirini na mitatu chumba kidogo hakijatoa kosa hata moja, na tunamsifu kwa makini yake. Makini ile ni kidonda, na aliyekichimba ni mimi.

Wasifu huu ningeweza kuuandika bila hayo. Nilijaribu. Niliandika ukurasa mzima wa sifa, nikausoma, nikaona namwagia mtu marashi huku nimekalia shati lake. Kwa hiyo Jumatano nilimpelekea chai saa nne, namba moja na namba mbili, nikasimama.

"Fundi, ile chaki niliifuta mimi."

Akavua hedifoni. Mtu anayesikia saa kuta mbili kutoka pale, akaniomba nirudie. Nikarudia yote, wageni, ndoo, maboksi.

Akaniuliza jambo moja. "Kitambaa kilikuwa kikavu au cha maji?"

"Cha maji, Fundi. Na sabuni."

Aligeuka akaiangalia rafu ya juu.

"Kumbe niliandika," akasema.

Akalirudia kwa sauti ya chini, si kwangu. "Kumbe niliandika." Kisha akanitazama. "Mama Chai, nimeweka namba mpaka kwenye miswaki ya nyumbani. Mke wangu ni namba mbili." Sikujua kama ni mzaha, sikucheka. Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikumwomba, maana kumwomba pale ingekuwa kumpa kazi nyingine ya kunifanyia. Alichofanya ni kuvuta kiti, akapanda, akashusha kipande cha chaki kilicholala nyuma ya maboksi, akaandika kwenye ukingo wa rafu, moja mpaka nane. Yale maboksi nane bado yako pale. Akaniambia, "Ijumaa tutaisikiliza ilivyo. Wewe ndiye utakayenipangia." Mara hii nilipanga kwa namba, nikiifuata hadithi hatua kwa hatua.

Kwa hiyo wafanyakazi wenzangu, Ijumaa saa nane mnakaribishwa wote chumba kikubwa. Viatu vinavyolia viacheni mlangoni. Binti atachukuliwa kwanza, atatafutwa, ndipo atarudi.

Na nina ombi. Kadi ya kumuaga imeshaandikwa "Mzee Kinyume" kwa maandishi ya dhahabu. Naomba ibadilishwe. Kama hakuna muda, nileteeni niifute, kufuta najua. Jina hilo likihitaji mwenyewe, mwenyewe yuko chumba cha chai, mlango wa kushoto.

Mkurugenzi, nimesoma kwenye kanuni za kazi kwamba unaweza kunichukulia hatua. Nipo.

Fundi, ahsante kwa masikio yako, na kwa ndala zangu ulizoziweka ndani ya santuri. Sisi wote tunakuombea mapumziko ya raha na mama wa nyumbani kwako, na miaka mingi yenye afya. Ukifika nyumbani funga mlango mara moja tu, ulale. Uliandika, Fundi. Sasa kila mtu anajua kwamba uliandika.