Fundi Jasper Angwenyi na Vitambaa vya Marani

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Duka la Tulia Redio mjini Kisii, fundi wetu Jasper Angwenyi anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025. Alikuja kwetu kijana kutoka Suneka, anayejua kufungua redio na kuifunga tena. Wanaojua la kwanza ni wengi.

Alianza na kaseti zilizomezwa na mashine, akaja kwenye sidii, akafika kwenye simu zinazopiga muziki bila waya. Vyombo vilibadilika, malalamiko yalibaki yale yale: sauti ni kali, imekauka, inachoma masikio. Vijana walitaka awapandishie besi. Yeye aliwauliza kama wanakaribisha wageni au wanawafukuza, kisha akapanda boda boda kwenda kuiona nyumba yenyewe. Alishikilia kwamba sauti hupata joto sebuleni, si dukani. Ndiyo maana alikuwa mteja wa kudumu wa mapazia ya mitumba ya kuzuia mwangwi katika soko la Daraja Mbili, hata wauzaji wakawa wanamuuliza hiyo lojing'i yake, nyumba ya wageni, ataifungua lini.

Katika kila sebule, kabla hata ya kuketi, aliondoa kitambaa juu ya amplifaya. Sisi hufunika kila kitu kwa vitambaa vya kufuma: viti, meza, televisheni, na hata hicho chombo kinachohitaji kupumua kuliko vyote. Amplifaya nyingi alizikuta zimeungua chini ya maua mazuri ya uzi mweupe. Akina mama walimwita adui wa vitambaa, naye akaitika.

Kazi ninayoikumbuka zaidi ni ya Marani, mwaka jana, tulipokwenda pamoja kwa Mama Roselyne. Mwanawe Mogire alikuwa amemjengea nyumba mpya, na Marion, mke wa Mogire, akaipamba: vigae vinavyong'aa, meza ya kioo, madirisha makubwa. Stereo ya marehemu mume wa Mama Roselyne ikahamishiwa humo. Mama alipocheza kaseti ya kwaya ya kanisa, ambamo mumewe aliimba sauti ya chini kabisa, alisema huyo si mume wake, ni mtu anayeimba ndani ya debe. Akarudi kwenye jiko lake la zamani, penye moshi na baridi, akakataa kuhama. Mogire alikuwa tayari kununua stereo kubwa kuliko zote dukani.

Fundi Jasper alisikiliza kaseti, akapiga kofi moja, kuta zikamjibu. Akazitoa spika kwenye pembe za chumba, akaomba zulia na mapazia mazito. Sauti ikatulia. Lakini Mama alibaki amesimama mlangoni. Fundi akatazama viti vilivyokuwa vitupu, halafu akamwambia Marion, bila kumkazia macho, kama heshima yetu inavyotaka kwa mke wa mwana, kwamba mashine ya zamani namna hii haiimbi vizuri bila vitambaa. Kama vipo, vije vyote.

Vilikuwepo, stoo, ndani ya gunia. Mama alikuwa amevifuma tangu alipoolewa. Marion alivikunja vizuri na kuviweka akidhani vimepitwa na wakati, na Mama asingeweza kuvidai bila kumwaibisha mkaza mwana wake. Sasa Marion mwenyewe alivitandaza, akiuliza kipi kinakaa wapi. Mama akaingia kumwelekeza. Jioni hiyo hakurudi jikoni.

Nimesomea vyombo vya sauti. Najua kitambaa cha uzi chenye matundu hakibadilishi sauti kwa kiasi cha kusikika. Yeye pia alijua. Nimelibeba jambo hilo tangu siku ile. Katika yote aliyonifundisha, hilo ndilo ninalolishukuru zaidi. Meneja wetu, Bwana Ombui, ambaye siku hiyo alikosa kuuza stereo kubwa, naye ameshasamehe.

Asante, Fundi, kwa kila nyumba uliyoiacha ikisikilizana. Nenda Suneka ukae kwa raha, muziki ukiwa wa chini, na asiwepo wa kukubishia mlango akiwa na redio mkononi. Mama Roselyne na Marion wamekufumia kitambaa, nacho kimetoshea kabisa juu ya amplifaya. Kitandaze popote moyo wako unapopenda, isipokuwa hapo.