Msinizike na Glavu

Sogeeni karibu wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Anold, zima hiyo redio. Glory mama, kaa hapa miguuni nikuone uso, na wewe Upendo, mjukuu wangu, acha kusimama mlangoni kama mgeni, ingia ukae na shangazi yako. Nitasema mara moja tu, kwa kuwa pumzi niliyobakiwa nayo naijua, na sitaki niondoke nikiwaacha mnaulizana mzee alisema nini.

Ya mali ni mafupi. Nyumba hii ya Shangani ni yako Anold, ila asiwepo ndugu yako hata mmoja atakayepiga hodi ukamwambia kumejaa. Shamba la mikorosho la Ziwani ni la Glory na Upendo, nusu kwa nusu, na Upendo anapokea kwa niaba ya baba yake, Dickson wangu, ambaye leo alipaswa kuwa hapa ananishika mkono huu. Ndugu zangu wa Ukerewe watataka kunisafirisha. Wapokeeni vizuri, wapeni chakula, waambieni kwa heshima kwamba mzee Elisha aliomba kulazwa Ziwani, ubavuni mwa mama yenu Esta. Na kile kiwanja chetu cha mchezo kilicho katikati ya mikorosho msipande kitu pale, hata mhogo.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Jana niliwasikia mkinong'ona sebuleni, mkidhani nimelala. Glory, ulisema glavu ya baba tutamzika nayo, na kaka yako akaitikia kwamba hiyo ni heshima kubwa. Nakataa. Msinizike na glavu.

Glavu ile mnaijua, lakini sikilizeni ilikotoka. Serikali ilinipeleka Kuba kusomea kilimo, kijana wa kisiwani nisiyejua neno moja la Kihispania, na jioni ya kwanza nikawakuta wenzangu wa chuo wanacheza besiboli. Wakayatazama mapaja yangu, wakasema huyu achuchumae nyuma ya mpigaji, adake. Walifikiri nitakimbia, maana mpira ule ni mgumu kama jiwe na unakuja usoni. Nikachuchumaa mpaka nilipohitimu. Magoti haya hayakuharibiwa na upepo wa bahari kama mama yenu alivyowaambia majirani, yaliharibikia kule. Kidole hiki cha shahada kilivunjika, nikakifunga pamoja na mwenzake nikaendelea kucheza, ndiyo maana kimepinda. Tulichukua kombe la mkoa wao, wakaniita Ukuta, na kocha wa timu ya mkoa akaniomba nibaki. Sikubaki, nchi yangu ndiyo iliyonisomesha. Nikarudi na cheti, glavu na kinyago cha chuma cha mdakaji, nikapangiwa Mtwara kuwa bwana shamba, kufundisha watu kupuliza salfa kwenye mikorosho, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuusikia mchezo ule. Nilikuwa mtu mkubwa, wanangu, katika jambo ambalo hapakuwa na mtu wa kuniuliza habari zake, na nilihuzunika kwa muda mrefu.

Siku ya kwanza nilipovaa kile kinyago Ziwani, watoto walitimua mbio hadi makwao. Wazee wakanijia, marehemu Mzee Salumu akiwa mbele, wakitaka kujua nani amenipa ruhusa ya kutoka na lipiko mchana kweupe, bila ngoma wala jando. Walidhani nimechukua kinyago cha ngoma yao. Nikakivua nikampa akishike. Akakigeuzageuza, akachungulia kati ya vyuma, akasema, "Bwana shamba, lipiko lako halina sura, huko ulikolitoa wamekupunja." Tukacheka wote. Tangu hapo nikawa nakivaa mbele ya watoto, waone mtu anavyoingia ndani yake, nao wakakubali kujifunza mchezo. Na wewe Glory ulipotaka kukivaa, akina mama wakashtuka, msichana na lipiko wapi na wapi! Mzee Salumu ndiye aliyesema, hili ni la chuma, binti avae.

Ukavaa. Mama yangu, mimi nimewaona wadakaji waliozaliwa kwenye mchezo ule, na sikumwona wa kukuzidi. Dickson akirusha kwa mkono wake wa kushoto, mpira ukapinda mwishoni, wanaume wazima wanaukwepa, wewe umetulia tu, unaufuata, unaumeza. Mlipokwenda mashindano Dar es Salaam picha ilipigwa ya Dickson. Ndivyo ilivyo kwa mdakaji. Wenzake wote wanatazama upande mmoja, yeye peke yake amewageukia, anaona nani amechoka na nani anaogopa, na uso wake mwenyewe umefunikwa. Nilipoitazama picha ile nilimjua anayekosekana.

Kisha pikipiki ikamwangusha Dickson njia ya Madimba, kwenye mvua. Jioni ile tulipotoka makaburini, Glory, uliichukua glavu ukaifungia kwenye sanduku, ukaniambia, "Baba, mkono huu ulizoea mipira ya mtu mmoja." Leo nakujibu.

Upendo anarusha kwa kushoto. Kila alasiri yuko nyuma ya jiko anaupiga mpira ukutani, na kila ukimsikia unafunga dirisha, unasema kelele. Si kelele, Glory. Wenzake wa shule wamemkimbia kwa sababu viganja vinawauma, na mimi babu yake hata kikombe cha uji nanyweshwa. Ukuta unamrudishia mpira, lakini haumwambii kitu. Nani atamwambia huu ulikuwa mzuri? Nani atamtazama usoni ajue leo ana hofu? Dickson alikuwa Dickson kwa sababu alikuwa na wewe wa kumrushia. Ukiifukia glavu ile pamoja nami, unamfukia kaka yako mara ya pili, na mtoto wake unamwachia ukuta.

Sikwambii usiumie. Mwanangu yule nilimvalisha suti kwa mikono hii, nikamfunga tai, kwa hiyo usidhani sijui. Kila mpira wa mtoto huyu utakuuma mpaka begani. Udake hivyo hivyo.

Anold, sanduku liko chini ya kitanda changu. Litoe. Ngozi imekauka... mtaipaka mafuta baadaye. Mpe dada yako. Glory, usinitazame hivyo, usinifanye niinuke. Vaa. Ndiyo. Nendeni uani, wewe na mtoto. Upendo, sikiliza babu: tazama vidole vya shangazi yako. Kimoja, ni mpira wa moja kwa moja. Viwili, unapinda. Usirushe kabla hajakuonyesha, hata ungekuwa na haraka gani.

Anold, wewe baki. Nifungulie dirisha la uani. Niegemeze... hivyo. Nimeishiwa pumzi, mwanangu. Wewe hukupenda mchezo huu, na sikukulaumu, ulikuwa unatuletea maji. Uendelee kuwaletea maji. Dada yako akikasirika, mwache akasirike, kisha umwite mle chakula. Mungu awape mikono ya kupokeana. Awape... riziki, na watoto wa kuwafunga macho. Waambie na wao nimewabariki, wote, na aliyetangulia.

Amechuchumaa? Siwaoni. Niambie.

Huo umegonga ukuta. Umemponyoka. Mwambie si kitu... mkono umesahau. Analia? Mwambie aokote kwanza. Alie ameushika.

Tena.

Kimya cha nini? Anold, mbona... 

Ah. Huo. Huo umeingia. Nimeusikia ulivyolia kwenye ngozi.

Sasa viwili. Mwambie amwonyeshe viwili... ule wa baba yake.

Na dirisha, mwanangu... hilo dirisha msilifunge.