Aliyejibatiza Mwenyewe

Kijiwe chetu hapa Amsterdam ni benchi lililoegemea ukuta wa nje wa tanuri la biskuti za mabaharia. Ukuta una joto, na sisi Waingereza tuliomkimbia mfalme kwa ajili ya dini hatuna joto lingine. Jioni ile jagi la bia ya moto lilizunguka watu watatu: mimi Javasi, mfumaji; Wakili, aliyewahi kuwa karani wa mahakama akaachishwa kazi, mdomo akabaki nao; na Kabichi, aliyeitwa hivyo kwa chakula chake. Kesho yake tulikuwa tunapanda meli kurudi kwetu, ingawa gereza lilikuwa linatungoja. Lakini tulichobishania ni mchungaji wetu wa zamani.

— Kinyozi hajinyoi, alisema Wakili. Yeye kashika beseni, kajimwagia maji mwenyewe, ndipo akatubatiza sisi. Leo anasema alikosea, eti angewaomba wale Waholanzi wanaobatiza watu wazima wambatize!

— Si ndiyo maana tukamtenga?

— Yeye tumemtenga, Kabichi. Ubatizo wake tunao bado.

— Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

— Wewe hukuvua hata kofia!

Tulicheka.

— Sikilizeni, Kabichi akasema. Kosa ni la maji. Maji ya hapa yana chumvi, yanatoka mferejini. Tukifika kwetu tubatizwe upya mtoni.

— Kwa mkono wa nani?

— Kila mtu na beseni lake!

— Zuzu wewe, ndilo kosa lile lile!

Nilicheka tena, na naona aibu mpaka leo. Siku ya kumtenga niliunyoosha mkono wangu juu kuliko wote. Kwetu aliyetengwa hatuli naye, hatumsalimii. Na ni yeye aliyeniuguza homa majira ya baridi, akanipa blanketi lake la pekee.

Bi Prudensi, shemeji yake Kabichi, alikuwa ameshuka melini kutoka kwetu asubuhi ile. Alikuwa ameketi pembeni yetu, anapasha mgongo ukutani.

— Shemeji, samahani. Nani anakohoa huko ndani?

— Ndiye huyo mchungaji. Amepangishwa chumba cha nyuma. Kifua kinammaliza.

— Na nyinyi mnaondoka kesho?

— Alfajiri, Mungu akipenda.

— Nani amekwenda kumuaga?

Wakili alichungulia ndani ya jagi. Kabichi alijikuna goti.

Nililichukua jagi, bia imebaki robo, nikazunguka hadi mlango wa nyuma. Ubao wa sakafu ulilia. Kikohozi kikanyamaza.

— Nani hapo?

Siku aliyonibatiza kwa beseni aliniuliza jina mbele ya watu wote, nikalitaja kwa sauti kubwa mpaka wakacheka.

— Javasi, ni wewe?

Nililiweka jagi kizingitini, nikaondoka nikinyata.