Kupanda kwa Makalio

Akina mama wenzangu, mmesema niseme, basi nitasema, lakini vigelegele viwekeni kando kwanza, maana habari yenyewe haina sherehe. Na nikipotea njia mnirudishe. Shule mimi niliacha hata kalamu sijajua kuishika.

Nyumba yetu mnaijua, ile ya juu kwenye mawe, hapa hapa Mabatini. Nimepanda mawe yale tangu niolewe, ndoo kichwani, mimba tumboni, wala sikuwahi kutazama chini. Siku hiyo nikateleza. Kichaka kikanidaka, miguu inaning'inia, naona mabati ya watu kule chini, na ziwa kwa mbali. Walinitoa, wakanipeleka kwa binti yangu bondeni. Mfupa haukuvunjika. Ila tangu hapo, nikikanyaga jiwe la kwanza tu, nayaona tena yale mabati kule chini, nashuka.

Na kule juu nimemwacha mume wangu, mzee wangu, kalala na kiharusi. Tukatuma vijana wamshushe, akakataa. "Mimi nitashushwa mara moja tu," akasema. Mnaelewa. Basi majirani wakawa wanampelekea chakula, na mimi nipo chini natazama bati letu.

Sasa, kuna mama wa Kihindi mjini, ana duka la vitambaa, nilimfulia nguo miaka mingi. Akaniambia, "Dada, hofu yako ni upepo umezidi mwilini." Dawa za kwao hizo, wanaziita ayurveda. Akanipa unga wa mzizi wa kunywa na maziwa ya moto, mafuta ya ufuta ya kusugua utosini na kwenye nyayo, na kuvuta pumzi pua moja moja. Ndugu zangu, nawaambia, usingizi niliupata. Lakini jiwe lilibaki jiwe.

Nami na akili zangu nikawaza, kama mafuta yanatuliza nyayo, basi niyapake asubuhi nipande. Nyayo zina mafuta, juu ya mwamba. Niliteleza nikarudi chini kabla sijafika popote. Baadaye yule mama aliposikia alishika kichwa. "Nilisema wakati wa kulala, dada. Ulitaka kukaangwa?"

Lakini siku ile nilibaki pale nilipoangukia, nalia. Jirani akashuka na bakuli, uji umejaa vilevile. "Leo hajala, shangazi. Kageukia ukutani."

Sikusimama. Niliupa mwamba mgongo, nikajisukuma kwa makalio, jiwe kwa jiwe, macho nimefumba, pua hii, pua ile. Watoto wakacheka. Gauni likachanika lote nyuma. Nafika mlangoni jua limeshaegemea ziwani.

Mzee akanitazama. "Umechelewa," akasema kwa ule mdomo wake wa upande. "Na unanuka sambusa."

Uji aliunywa. Masika hayakuisha, akafa, mkono wangu uko chini ya shingo yake.

Namshukuru yule mama, namshukuru jirani, na binti yangu aliyenishonea gauni. Kupona sijapona. Hata leo nimeshuka kwa makalio. Ukiwa na mtu wako mahali usipopaweza, usingoje hofu iishe. Mimi niliingoja, na siku zile nilizoingoja, yeye yuko juu peke yake, sijaona dawa ya kuzirudisha.