Wimbo wa Mama Honoratha kwenye Chumba cha Giza

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Honoratha anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na minne. Alitoka Muleba akiwa bado binti, akapangiwa chumba cha giza, pale filamu za eksirei zilipokuwa zinasafishwa kwa dawa.

Humo ndani saa haionekani. Basi Mama alipima muda kwa wimbo wa kanisani: akitumbukiza filamu anaanza kuimba, beti mbili zikiisha anaitoa. Wagonjwa wa vijiji vya Nyansurura na Ringwani, waliokuwa wakisubiri kwenye benchi nje, waliujua wimbo ule kuliko majina ya madaktari. Ila ubeti wa tatu hakuna aliyewahi kuusikia.

Mwaka 2019 ikaletwa mashine ya kidijitali. Picha inatokea kwenye kompyuta papo hapo; haitaki giza wala dawa. Sote tulifurahi, isipokuwa yeye. Aliniambia, "Dada, mtu wa giza atafanya nini kwenye mwanga?" Tukaomba pamoja. Wiki ile ile, kwa mazoea, aliingia kwenye chumba kipya akazima taa. Mzee Wangwe, aliyekuwa amelazwa tayari kupigwa picha, akapiga kelele: "Nyie! Mmeshanizika?"

Kisha akaletwa mtoto Boke, ameanguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Analia, anajirusha, kila picha inatoka na ukungu. Mtaalamu wetu wa eksirei, Eric, jasho linamtoka. Mashine ilikuwa mpya, lakini watoto ni wale wale wa siku zote. Mama akasimama mlangoni, akaanza wimbo wake. Mtoto akanyamaza, akamkodolea macho. Picha ikatoka safi kabla ubeti wa pili haujaisha.

Eric akasema, "Mama, humu hutoki tena."

Na kweli hakutoka. Alikabidhiwa kazi ya kuwaandaa wagonjwa, kazi ambayo zamani haikuwapo. Kompyuta nayo akajifunza, ingawa mwanzoni kipanya alikishika kama yai, hadi ikawa yeye ndiye anayetuma picha kwa madaktari bingwa Mwanza. Chumba cha giza kimetobolewa dirisha. Akina mama wananyonyeshea humo.

Mama, asante kwa mikono yako na sauti yako. Mungu akufikishe Muleba salama, akupe afya na wajukuu wa kukuzunguka. Na huko, imba mpaka ubeti wa tatu. Hakuna filamu inayokusubiri.