Daraja Lililovukwa kwenye Kompyuta

Asubuhi hiyo malori ya jeshi yalipita kona ya kijiwe chetu yakielekea mpakani. Redio ikasema makamanda wameshajaribu shambulio la daraja kwenye kompyuta, na jeshi limevuka. Katika lori mojawapo alikuwamo mtoto wa Jenerali. Jenerali mwenyewe ni fundi cherehani. Jina alipewa kwa kupenda kuamrisha. Siku hiyo kila injini ikinguruma, anasimama.

— Kaa, Jenerali, unatutia kizunguzungu, alisema Betri, fundi simu.

— Nimekaa. Hiyo programu ya kuaminika?

— Tena sana! Wanaingiza mto, mvua, risasi, adui. Vita vinapiganwa humo humo. Wakishindwa, wanabadilisha mpango, wanarudia mpaka washinde.

Kasuku, muuza magazeti, akadakia:

— Na adui kakubali kurudia?

— Adui haulizwi. Anakadiriwa.

— Ningekuwa adui, ningevuka kinyumenyume. Ikadirie hiyo!

— Cheka tu. Nasikia hata adui wanayo programu ileile. Mashine yao inajua yetu itafanya nini, na yetu inajua kwamba yao inajua.

— Si waziache zipigane zenyewe mezani? Itakayoshindwa izimwe, watu warudi makwao. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Methali hiyo imeingiaje hapa?

— Ina mwana, ina kilio. Unataka nini tena?

Jenerali akapiga benchi ngumi.

— Nyamazeni! Redio imesema tumevuka. Tumevuka, basi!

Hatukuwa tumemwona mkewe akija. Alikuwa hajawahi kukanyaga kijiweni. Betri akampisha.

— Karibu, shemeji. Keti.

— Sikai. Wewe ndiye unayejua hizo kompyuta?

— Kiasi, shemeji.

— Hao waliovuka humo ndani, walivuka wote?

Betri akakuna kidevu.

— Shemeji, mle kikosi kizima kinaonekana kama doa moja. Doa likifika ng'ambo, wanaandika tumevuka. Mtu mmoja mmoja...

— Sikuuliza linaonekanaje.

— Nakuelewa, shemeji.

— Basi nijibu.

Betri akamtazama Kasuku. Kasuku akajifanya anapanga magazeti. Mke wa Jenerali akamgeukia mumewe.

— Baba watoto, wewe ndiye uliyeniambia nisilie, wameshavuka. Walivuka wote?