Thomasi Tluway, Mpishi Aliyeonja Samaki

Habari za jioni, wasikilizaji wapendwa. Sogeeni karibu na redio. Najua mmechoka. Mvua hizi, matope haya, na magugu hayasubiri mtu. Hata sisi huku tumechoka. Lakini jioni hii tunamkumbuka mtu aliyechoka kuliko sisi, na bado aliwasha jiko kila siku. Ni Thomasi Tluway, mpishi wa Ganako, Karatu. Tluway alizikwa wiki iliyopita, mwezi huu wa Aprili, mwaka 1987.

Wengi mlimjua kwa kofia yake nyeupe. Alipika katika hoteli moja kule ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, kwenye ukungu na baridi ya kukatika vidole. Alianza kwa kumenya viazi, akafika kuwa mpishi mkuu. Kisha, mwaka 1977, mpaka na Kenya ukafungwa. Wageni wakaadimika. Wapishi wakaambiwa warudi nyumbani, wasubiri kuitwa.

Wenzake walishika majembe. Tluway akapanda basi kwenda Pwani. Mkewe, Cresensia, anakumbuka: "Nilimwambia, Baba Rafaeli, watu wanatafuta unga, wewe unatafuta nazi? Akasema, Wazungu nimewapikia vyakula vyao mpaka nimechoka. Vya nchi yangu sivijui. Nikaona huyu hazuiliki."

Basi, akafika Pangani, vumbi la barabara ya Makuyuni bado limo masikioni. Akapokewa na Bi Mwanakombo, mpishi wa shughuli, mama ambaye akicheka jikoni mtaa mzima unajua. Bi Mwanakombo akamfundisha kukuna nazi. Akamfundisha kwamba tui jepesi hutangulia jikoni, na tui zito hungoja mwisho. Tluway alitembea mpaka Kipumbwi, akala mikate ya kumimina kwa watu asiowajua. Aliuliza maswali mpaka wakamwita Bwana Kwanini. Alipenda salamu zao, ndefu kuliko mlo wenyewe.

Ila jambo moja lilimshinda. Hakuonja samaki. Nyumbani kwa mama yake, Mama Lusia, samaki haliwi. Wazee wa ukoo wao walimhesabu samaki pamoja na nyoka. Aliyemla hashiriki tena kibuyu cha maziwa na wenzake. Kwa hiyo Tluway alipika samaki bila kuonja. Alinusa, akatazama rangi, akamwomba Mungu.

Ikaja arusi. Tluway akakabidhiwa sufuria ya papa mkavu, chakula cha wenye kufanya kazi za shughuli. Sasa sikilizeni. Papa yule hukaushwa kwa chumvi. Huloweshwa, kisha hupikwa kwa tui, na chumvi haiongezwi. Mtu wa Pwani analijua hilo tangu angali anabebwa mgongoni. Mtu wa Ganako angelijulia wapi? Tluway akatia chumvi, konzi nzima. Tonge la kwanza tu, watu wakakimbilia mtungi wa maji. Sufuria ikamwagwa, na akina mama waliotwanga na kupepeta tangu alfajiri wakashindia wali mkavu.

Siku hiyo Bi Mwanakombo hakucheka. Alimwambia, "Mwanangu, weye wawapa watu usichokitia kinywani mwako? Huko si kupika. Huko ni kubahatisha matumbo ya watu."

Tluway akainama. Akachota mchuzi uliosalia ndani ya sufuria, akaonja. Huyo ndiye samaki wake wa kwanza. Narudia, wasikilizaji: hakuonja kwa uroho. Alionja kwa aibu.

Angeweza kuficha. Nani wa Karatu angejua? Lakini aliporudi alimweleza mama yake yote. Mama Lusia akajibu maneno machache: "Mwacha mila ni mtumwa." Akamtengea bakuli lake na kigoda chake, upande wa mlangoni. Tangu siku hiyo mama hakugusa chakula kilichotoka mikononi mwa mwanawe.

Hoteli ikamwita tena, na wageni wakasifu mchuzi wake wa nazi. Majirani wakaja kula majani ya maboga yaliyoungwa kwa tui. Mama hakuja. Mwaka ule wa ukame, 1984, Tluway aliwapikia ugali wa unga wa njano watu waliojipanga nje ya kanisa. Mama alibaki ndani na mboga zake za kuchemsha, anakonda. Tluway alimwambia Cresensia, "Nimechoka, mke wangu. Nawashibisha watu wote isipokuwa mmoja."

Kisha kifua kikamwangusha. Moshi wa miaka mingi, walisema hospitali. Mwezi uliopita alikuwa hamezi kitu; hata uji ulirudi. Akatamani mchuzi wa samaki, basi. Cresensia alikuwa amefuata dawa Arusha. Nyumbani alikuwepo mama peke yake.

Haya ni maneno ya Mama Lusia mwenyewe: "Nilikwenda mnadani, nikanunua samaki mkavu kwa mtu wa Ziwa Eyasi. Nikamfunga ndani ya shuka, nikapita korongoni nisionane na watu. Nikapika kama anavyopika yeye. Kwani miaka yote hiyo mnafikiri nilikuwa simwangalii? Nikafika kwenye chumvi. Nikasimama. Nitampaje mgonjwa kitu nisichokijua? Nikaonja."

Tluway alipokea kijiko, akamtazama. Akamwita Aayo, yaani mama, kwa lugha ya nyumbani. "Aayo, umeonja?"

"Nimeonja. Kula."

Akala. Mama akavuta kigoda, wakala wote bakuli moja mpaka likaisha. Siku chache baadaye Tluway akafariki, amechoka, ametulia.

Tulimuuliza Mama Lusia kama mchuzi ule ulikuwa mtamu. Akasema, "Sijui. Nilikuwa nalia."

Tunampa pole Mama Lusia. Tunampa pole Cresensia na wanawe, na Bi Mwanakombo huko Pangani, kama habari zimemfikia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sisi wengine tunashika tama tu. Mungu amlaze mpishi wetu mahali pema peponi.

Na wewe unayetusikiliza, kama nyumbani kwako yupo anayekula peke yake, mna sababu zenu, sitaziuliza. Lakini usingoje augue. Chakula cha jioni hii bado hakijapakuliwa.